Konrad Zuse, Injinia Aliyechoshwa na Hesabu

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza swali ambalo sikulijibu kwa haki. Nilikuwa nimewapa milinganyo mitatu yenye herufi tatu za kutafutiwa thamani, na kengele ikalia kabla hata nusu ya darasa haijamaliza. Kijana akasimama kwa adabu, akataka kujua kwa nini wajichoshe hivyo, na hali simu ya baba yake nyumbani inaweza kutoa jibu la hesabu ile mara moja. Wenzake wakacheka. Mimi nikamkemea kwa uvivu, nikatoka.

Usiku ule sikuridhika na nafsi yangu. Nilikumbuka kuwa alikuwako mtu mmoja aliyeuliza swali lile lile, na badala ya kukemewa akaachiwa chumba cha kujaribia jibu lake. Basi nimeona vema niwasimulieni maisha yake katika gazeti letu, ili kijana yule apate jibu alilostahili.

Mtu huyo ni Konrad Zuse. Alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 22 Juni 1910. Baba yake alikuwa mtumishi wa posta, na kwa ajili ya kazi hiyo jamaa nzima ilihamia Braunsberg, na baadaye Hoyerswerda, ambako Konrad alimaliza shule. Alipenda sana kuchora, hata kwa muda mrefu hakujua afuate uchoraji au uinjinia. Alipoingia Chuo cha Ufundi cha Berlin-Charlottenburg alianza na mitambo, akageukia usanifu wa majumba, na mwisho akatulia katika uinjinia wa ujenzi. Alihitimu mwaka 1935.

Hapo ndipo taabu yake ilipokuwa. Injinia hajengi daraja kwa kubahatisha. Kila boriti hubeba mzigo wake na kusukumana na jirani zake, na injinia hana budi kujua nguvu iliyo katika kila kiungo kabla ya chuma kukatwa. Nguvu hizo hazijulikani, kwa hiyo huandikiwa milinganyo, na milinganyo yote lazima itatuliwe pamoja. Wanafunzi wangu waliona taabu ya milinganyo mitatu. Lakini wajue kuwa kazi haiongezeki polepole. Milinganyo ikiwa mingi, ukiongeza idadi yake mara mbili, kazi ya kuitatua huzidi takriban mara nane. Ukiongeza tena mara mbili, huzidi takriban mara sitini na nne. Ndiyo sababu mainjinia wa siku zile waliyakwepa majengo ambayo hesabu zake zingewachukua miezi, wakajenga yale waliyoweza kuyahesabu.

Zuse aliijaza karatasi baada ya karatasi, na katika kuchoka kwake akatambua jambo moja. Kila mara hatua zilikuwa zile zile. Zidisha namba hii kwa ile, toa, andika hapa, nenda mstari wa pili. Tarakimu zilibadilika, lakini utaratibu haukubadilika. Akajiuliza kwa nini kazi isiyohitaji kuamua neno lolote ifanywe na mtu mwenye akili ya kuamua.

Baada ya kuhitimu aliajiriwa katika kiwanda cha ndege cha Henschel, kuhesabu nguvu za ndege. Hakukaa sana. Mwaka 1936 aliacha mshahara, akawaambia wazazi wake kuwa ataunda mashine ya kuhesabu ndani ya nyumba yao mjini Berlin. Wazazi wanaosoma gazeti hili watajua uzito wa habari hiyo. Kijana msomi, mwenye kazi nzuri, anaiacha ili akate vipande vya bati sebuleni! Hata hivyo wazazi wake walimpa chumba, na jamaa na marafiki wakamchangia fedha. Wenzake wa chuoni walikuja kumsaidia kukata maelfu ya vipande vya bati kwa mkono.

Mashine hiyo, iitwayo leo Z1, ilikwisha mwaka 1938. Haikutumia tarakimu kumi kama sisi, bali mbili tu, 0 na 1. Katika hesabu ya namna hiyo namba 13 huandikwa 1101, yaani nane moja, nne moja, mbili hakuna, na moja moja. Faida yake ni kubwa: kipande cha bati kikisogea ni 1, kisiposogea ni 0, na hapana hali ya katikati ya kukosewa. Amri za kazi alizitoboa katika mikanda ya filamu za sinema zilizokwisha tumika, na mashine ikazifuata moja baada ya moja. Wazo lilikuwa sahihi, lakini bati zilikwama kila mara.

Rafiki yake Helmut Schreyer alimshauri atumie umeme. Zuse akachukua rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, kama zile zilizotumika katika mitambo ya simu. Tarehe 12 Mei 1941 aliwaonyesha wataalamu wa utafiti wa ndege mashine yake ya tatu, Z3. Ilikuwa na rilei zaidi ya 2,000, iliweza kuhifadhi namba 64, na ilizidisha namba mbili kwa muda wa sekunde tatu hivi. Wataalamu hao walitaka msaada katika hesabu za kutetemeka kwa mabawa, maana bawa likianza kutetemeka ndege iendapo mbio, laweza kuvunjika angani. Mwingereza Charles Babbage alikuwa amebuni mashine ya kufuata amri zaidi ya miaka mia moja kabla yake, lakini hakupata kuikamilisha. Z3 ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa kompyuta ya kwanza iliyofanya kazi yenyewe kwa kufuata amri. Iliharibiwa na mabomu yaliyoangushwa Berlin mwezi Desemba 1943.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kunyamaza, lakini mwalimu hana ruhusa ya kuwaficha wanafunzi wake nusu ya habari. Wakati wa vita Zuse alirudi kufanya kazi Henschel. Kiwanda hicho kiliunda bomu lenye mabawa, Hs 293, lililoongozwa kwa redio kutoka katika ndege. Mabawa yalipotoka kiwandani hayakulingana sawasawa, kwa hiyo kila moja lilipimwa, na hesabu ndefu ikafanywa ili kujua lirekebishwe kiasi gani. Zuse aliunda mashine maalumu, S1, ikaichukua kazi hiyo iliyokuwa ikifanywa kwa mikono. Baadaye akaunda nyingine iliyosoma vipimo yenyewe. Bomu la aina ya Hs 293 ndilo lililozamisha meli Rohna katika bahari ya Mediterania tarehe 26 Novemba 1943, wakafa watu zaidi ya 1,000.

Sisemi haya ili kumtukana marehemu. Nayasema kwa kuwa mashine iliyozaliwa na uchovu wa kijana anayetaka kujenga madaraja, katika muda wa miaka michache ilikuwa ikinyosha mabawa ya mabomu, na hatua za hesabu hazikuonyesha tofauti. Mashine hufuata amri. Haiulizi kazi ni ya nini. Kuuliza huko kumebaki kuwa kazi yetu.

Vita vilipokaribia kwisha mwaka 1945, Zuse aliikimbiza mashine yake ya nne, Z4, kutoka Berlin, kwanza hadi Göttingen, kisha hadi kijiji cha Hinterstein katika milima ya kusini. Ujerumani ilikuwa magofu, na yeye alikuwa na mke, na mashine isiyokuwa na mnunuzi. Ikawa bahati yake kwamba profesa Eduard Stiefel wa chuo cha ufundi cha Zürich, nchini Uswisi, alisikia habari zake. Mwaka 1949 akaja kuiona, akaipa mlinganyo, ikautatua mbele ya macho yake. Tangu mwaka 1950 hadi 1955 Z4 ilifanya kazi Zürich, na miongoni mwa kazi zake zilikuwamo hesabu za mabwawa na za mabawa ya ndege. Mwisho ikawa imerudi kwa jambo lililomfanya Zuse aiwaze, yaani kumwondolea injinia mzigo wa tarakimu.

Mwaka 1949 Zuse alianzisha kampuni yake ya kuunda kompyuta, na mashine zake zikatumiwa na watengenezaji wa lenzi na wapimaji wa ardhi. Lakini madeni yalimlemea, na katika miaka ya 1960 kampuni ikaingia mikononi mwa wengine. Maombi yake ya hataza ya mwaka 1941 yalikataliwa na mahakama mwaka 1967, baada ya miaka 26. Hakulipwa kwa uvumbuzi ule kama alivyotumaini. Akarudia uchoraji aliokuwa akiupenda tangu utoto, akaheshimiwa na vyuo vingi, akafariki tarehe 18 Desemba 1995 akiwa na umri wa miaka 85. Leo injinia hukaa mbele ya kompyuta akatatua maelfu ya milinganyo ya daraja moja katika muda mfupi kuliko ule wa kunywa kikombe cha chai.

Sasa nimrudie kijana wangu. Inasimuliwa kuwa Zuse mwenyewe, katika uzee wake, alipenda kufanya mzaha kuwa aliunda kompyuta kwa sababu ya uvivu. Kama ndivyo, basi uvivu uko wa namna mbili. Mmoja hulala. Wa pili hukesha miaka miwili ukikata bati. Zuse aliweza kuikabidhi mashine kazi ile kwa sababu aliijua hatua kwa hatua, pasipo kuruka hata moja. Asiyezijua hatua hawezi kuiamuru mashine, wala hawezi kutambua siku inapompa jibu la upuuzi.

Niliporudi darasani nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake, maana nilimkemea mbele yao. Kisha nikawapa kazi mpya. Sikutaka jibu, ila nilitaka waandike amri za kutatua milinganyo mitatu, kwa maneno mepesi kiasi kwamba mtu asiyejua hesabu hiyo aweze kuzifuata. Karatasi ya kijana yule tulimpa msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza. Mara ya kwanza alipotea, kwa sababu mwandishi alisahau kusema nini kifanywe alama inapokuwa ya kutoa. Kijana aliona haya, akakaa, akaongeza amri moja. Mara ya pili msichana alifika mwisho, na jibu lilikuwa sahihi.

Kijana yule sasa anaandika amri za milinganyo minne. Hajaniuliza tena habari za simu ya baba yake.