George Mukabi: Gita, chupa ya Fanta na santuri zilizorudi

Kabla hujasema muziki wa zamani ni wa wazee, hebu tafuta albamu inayoitwa Furaha Wenye Gita. Ilitolewa 2017 na lebo ya ng'ambo, Olvido Records, lakini sauti utakayoisikia humo ni ya Mkenya aliyefariki 1963. Jina lake ni George Mukabi.

Mukabi alizaliwa 1930 na kukulia magharibi mwa Kenya, pande za Kakamega. Huko ndiko mtindo wa omutibo ulikoshika mizizi, na yeye ndiye aliyeupeleka mbali kuliko wengi. Usitarajie bendi kubwa. Omutibo ni gita kavu tu, lisilo na umeme. Kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinacheza melodia, yaani mtu mmoja anafanya kazi ya wapiga gita wawili.

Na drama je? Hakuna. Kuna chupa ya Fanta! Zile chupa za kioo za zamani zilikuwa na mistari ubavuni, basi mtu anaikwaruza na kuigonga kwa kitu cha chuma hadi mdundo unakubali. Wewe una programu ya kutengeneza biti kwenye simu. Wao walikuwa na chupa ya soda, na watu walicheza vilevile.

Pengine umewahi kusikia Sengula, wimbo wake uliovuma zaidi. Aliimba kwa Kiswahili, ndiyo maana hata asiyejua Kiluhya aliupata. Mapenzi, ndoa, maisha ya nyumbani: mambo yale yale unayosikiliza leo ukiwa kwenye matatu.

Kisha 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru, Mukabi aliuawa. Alikuwa na miaka 30 na kitu tu. Hakuwahi kutoa albamu. Enzi zake nyimbo zilitoka kwenye santuri za kasi ya 78, kila upande wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Santuri hizo zikianguka, zinavunjika kama sahani.

Hebu fikiria hilo. Kazi ya mtu mzima imebaki kwenye sahani zilizotapakaa majumbani, zikipigwa vumbi. Nyingine zimekwaruzika, nyingine zilishatupwa. Ndipo wakusanyaji wakazitafuta moja moja, wakasafisha sauti na kuzikusanya pamoja, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Lau wangechelewa, huenda hata hizo zingepotea.

Inauma kidogo kwamba kazi hiyo ilisubiri lebo ya mbali. Lakini wewe bado una nafasi. Ukienda ushago likizo hii, muulize guka au kuka kama kuna santuri kuukuu ndani ya sanduku. Usizitupe. Huenda umeshika nakala ya mwisho.