Von Neumann: Bingwa wa hisabati ya karata na tarakilishi

BARAZANI Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, mcheza karata hatupi yake kabla ya kukisia atakayoitupa mwenzake. Kukisia huko ndiko John von Neumann alikokugeuza kuwa hisabati.

Msomi huyo alizaliwa mjini Budapest, Hungaria, Desemba 28, 1903. Mwaka 1928 alithibitisha kuwa katika mchezo wa watu wawili, ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, kila mchezaji anayo njia ya kujikinga, hata mpinzani awe mwerevu kiasi gani. Alihamia Marekani mwaka 1930, na mwaka 1944 yeye na mwanauchumi Oskar Morgenstern wakachapisha kitabu kilichoiingiza nadharia ya michezo katika uchumi.

Kuanzia mwaka 1946 aliongoza ujenzi wa tarakilishi katika taasisi yake ya utafiti mjini Princeton. Mashine ilikuwa moja, wenye haja wengi. Ilifanya hesabu za bomu la haidrojeni na za utabiri wa hali ya hewa. Kuanzia mwaka 1953, Nils Barricelli aliitumia kuchunguza mageuzi ya viumbe. Kila aliyepewa zamu alimwacha mwingine akingoja.

Kungoja huko hakujakwisha. Tarakilishi kuu za leo hutumiwa na maelfu ya watafiti, na kila mmoja hutaja muda ambao kazi yake itachukua. Kazi fupi hupenyezwa katika nafasi zilizo wazi; inayozidi muda uliotajwa hukatizwa. Basi mwenye hofu huongeza saa, naye mwenye haraka huigawa kazi yake vipande vipande. Kila mmoja ana sababu yake, lakini wote wakifanya hivyo foleni hupangwa kwa makadirio yasiyo ya kweli, nao huweza kuchelewa pamoja.

Huu si mchezo wa mmoja kushinda na mwingine kushindwa. Ndiyo maana wataalamu huitumia nadharia ya michezo, ukiwemo mchango wa John Nash wa mwaka 1950, kutafuta kanuni zitakazomfanya msema kweli asipoteze zamu yake.

Von Neumann hakuyashuhudia hayo. Saratani ilimuua mjini Washington, Februari 8, 1957, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka uliofuata, tarakilishi yake ilizimwa. Fani zake mbili zilikutana baadaye, kwenye foleni.