Hussein Onyango na Haki ya Askari Wasioandikwa

Hussein Onyango Obama wa Kendu Bay alifariki dunia miaka mingi kabla mjukuu wake hajajulikana, na lau mjukuu huyo asingalichaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka 2008, huenda ni watu wa Kendu na Alego peke yao wangalimkumbuka. Leo jina lake lafahamika ulimwenguni, lakini hutajwa kama babu ya mtu tu. Katika makala haya nataka kumtazama kwa nafsi yake, kama mtu wa ufuko wa ziwa aliyepitiwa na vita viwili vikuu vya Wazungu. Aidha, nataka maisha yake yatusaidie kujibu swali ambalo wanafunzi wangu kutoka Nyanza huniuliza mara kwa mara: je, mzee aliyetumika katika vita na asiandikwe, au akaandikwa nusu, aweza kusahihishiwa kumbukumbu zake na kupewa nishani alizonyimwa?

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanahistoria wa kijeshi. Hata hivyo naamini swali hili linatuhusu sisi tunaoshughulika na lugha, maana kumbukumbu ya kijeshi ni maandishi, na kila maandishi yana mwandishi, yana lugha, na yana mambo ambayo mwandishi hakuyaona.

Kaburi la Onyango, lililopo Nyang'oma Kogelo, linasema kwamba alizaliwa mwaka 1895. Wakati huo reli ilikuwa haijafika ziwani. Ilipofika mwaka 1901, penye kituo ambacho Waingereza walikiita Port Florence, ndipo ulipoanza kukua mji wa Kisumu. Onyango alikuwa kijana asiyetulia. Alisikia habari za Wazungu, akaondoka Kendu kwenda Kisumu kuwaona kwa macho yake, na aliporudi nyumbani alikuwa amevaa suruali. Jamaa zake walishangaa, na baba yake akamkataa. Akarejea Kisumu, akajifunza kusoma, kuandika na kutunza hesabu. Hivyo basi huyu alikuwa miongoni mwa Wajaluo wa kwanza kuelewa kwamba serikali mpya ilitawala kwa karatasi kama ilivyotawala kwa bunduki.

Vita vya kwanza vilikuja mwaka 1914. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani kutoka Tanganyika waliingia Kisii, na majeshi ya Waingereza yakavuka maji kutoka Kisumu kwenda kupigana nao. Mkoa wa Nyanza ukawa kisima cha kuchotea watu. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huo, aliteuliwa mwaka 1917 kusimamia ukusanyaji wa wapagazi wa jeshi, na vijana wakatolewa vijijini kwa maelfu kupitia kwa machifu wao. Walibeba risasi, unga na majeruhi. Wengi walikufa, na waliowaua zaidi walikuwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Onyango, kwa vile alijua kusoma, hakuwekwa kubeba mizigo. Kwa mujibu wa simulizi ya familia yake, aliongoza makundi ya vibarua waliotengeneza barabara, akafika hadi Tanganyika na kukaa huko miaka kadhaa.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Kikosi cha wapagazi kilipovunjwa hakikuacha orodha kamili ya majina, lakini kiliacha neno. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi hicho lililotamkwa na Waafrika kwa ndimi zao wenyewe. Halikadhalika neno keya limetokana na herufi tatu za jeshi la KAR lililoundwa mwaka 1902, na Kiswahili cha makambini kikaitwa KiKAR. Lugha ilihifadhi kile ambacho makarani hawakukihifadhi. Hata hivyo tusijidanganye: neno laweza kuthibitisha kwamba kikosi kilikuwapo, lakini haliwezi kututajia majina ya waliokuwamo.

Baada ya vita Onyango alirudi Kendu, akajifyekea shamba mbali na boma la baba yake. Alijaribu Ukristo, hakutosheka nao, akasilimu na kuitwa Hussein. Kisha akaenda Nairobi, safari ya miguu ya siku nyingi, akawa mpishi na mtumishi katika nyumba za Wazungu. Ni katika kazi hii ndipo tunapoukuta ushahidi wa maandishi ulio bora kuliko wote juu yake, nao ni kitabu kidogo cha mfukoni ambacho watumishi wa nyumbani walilazimishwa kukichukua chini ya sheria ya ukoloni ya mwaka 1928. Familia ilikitunza, na mjukuu wake akaeleza yaliyomo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1995.

Napenda walimu wakitafakari kijitabu hicho. Kinasema Onyango ana umri wa miaka 35, ni Mjaluo, makazi yake ni Kisumu, na kimo chake futi sita. Kinaeleza pua, mdomo na nywele zake, kama vile mtu aelezavyo ng'ombe wa mnada. Mahali pa meno kimeandika kwamba meno sita hayapo. Chini yake kidogo, mahali pa makovu na alama za kabila, kimeandika kwamba hana alama yoyote. Kila mtu wa Nyanza anajua kosa liko wapi. Kung'oa meno sita ya chini ilikuwa ndiyo alama ya Mjaluo aliyekomaa! Karani aliiona alama kwa macho yake, akaihesabu, akaiandika kama kasoro, kisha akaapa kwa kalamu ileile kwamba alama haipo.

Kurasa zilizofuata zilikuwa za waajiri. Baadhi yao walimsifu kwa bidii na upishi wake. Mmoja alimwandika baada ya muda mfupi tu kuwa hafai na wala hastahili mshahara wa shilingi 60 kwa mwezi. Shutuma hiyo ya bwana mmoja aliyeudhika imedumu kwa karibu karne moja, ikachapishwa na kusomwa na mamilioni. Basi tuitazame pamoja na jambo lijalo.

Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Onyango alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini. Wakenya wapatao 98,000 walitumika katika vita hivyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 ikasukumana na Wajapani katika Bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika, na mwezi Desemba ikavuka Mto Chindwin. Simulizi ya familia yasema kwamba Onyango alikwenda ng'ambo akiwa mpishi wa kapteni mmoja Mwingereza, akapita Burma, Ceylon, Arabuni na Ulaya, akarudi baada ya miaka mitatu na gramafoni, pamoja na picha ya mwanamke aliyedai kwamba alimwoa Burma. Simulizi hiyo haitaji nambari ya jeshi, wala jina la kikosi, wala nishani.

Je, mpishi hustahili nishani? Wapo wanaodhani kwamba nishani ni ya aliyefyatua bunduki tu. Sivyo. Ipo tofauti kati ya nishani ya ushujaa, ambayo hutolewa kwa tendo maalumu lililoshuhudiwa, na nishani ya kampeni, ambayo hutolewa kwa kuwapo kazini mahali fulani kwa muda fulani. Nyota ya Burma ilitolewa kwa huduma ya kivita katika eneo hilo kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Nishani ya Vita ya 1939 hadi 1945 ilihitaji siku 28 za utumishi wa kudumu katika majeshi. Masharti hayo hayaulizi kama mtu alishika bunduki au mwiko. Jambo linaloulizwa ni moja: je, mtu huyu alikuwa ameandikishwa jeshini, au alikuwa mtumishi binafsi wa ofisa? Aliyeandikishwa ana haki hata kama hakupata kuliona adui. Mtumishi binafsi, hata akipikia chini ya mizinga, amekaa nje ya daftari.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Haki ya Onyango, na ya mamia ya wapishi, wafuaji na madereva wa pwani ya ziwa, inategemea mstari mmoja wa maandishi ambao yeye mwenyewe hakuuandika. Uingereza huwaruhusu warithi kudai nishani ambazo hazikupata kutolewa, lakini mdai sharti alete jina, nambari na kikosi. Na hilo jina ni jambo gumu. Onyango ni jina la kila mtoto wa kiume aliyezaliwa asubuhi. Katika Ujaluo wa siku zile jina la ukoo kwa namna ya Kizungu halikuwapo, na mtu mmoja aliweza kuandikwa Onyango mwana wa Obama katika daftari moja na Hussein Onyango katika jingine. Kijitabu chake chenyewe kilimwita Hussein wa Pili Onyango. Karani wa London atajuaje kwamba watatu hao ni mtu mmoja?

Wengine watanijibu kwamba simulizi za wazee zitoshe. Nawaheshimu, lakini siwezi kukubali moja kwa moja, na maisha ya Onyango ndiyo yanayonizuia. Familia inaeleza kwamba mwaka 1949 alishtakiwa na hasimu yake kwa wakoloni, akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miezi sita, akarudi amedhoofu na mchafu. Mwandishi mmoja wa Marekani, David Maraniss, aliyechunguza habari hizo na kuchapisha kitabu mwaka 2012, alizitilia shaka. Tukumbuke pia kwamba simulizi ya bibi Sarah Obama, aliyefariki mwaka 2021, ilitolewa kwa Kijaluo, ikafasiriwa papo hapo kwa Kiingereza na mjukuu mwingine, kisha ikaandikwa kitabuni. Katika kila daraja kuna kitu hudondoka na kingine huongezwa. Kumvika marehemu nishani ambayo hakuipata ni kumdhulumu mara ya pili, kwa kuwa ya uongo ikigunduliwa, hata ya kweli haitaaminiwa tena.

Lakini mizani hiyo lazima ipime pande zote mbili. Wako wanaoishuku simulizi kwa sababu ni simulizi, na kuiamini karatasi kwa sababu ni karatasi. Karatasi ndiyo iliyosema Onyango hana alama. Karatasi ndiyo iliyofichwa pia: mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yaliyohamishwa na kuwekwa mbali na macho ya watafiti. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228. Na mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Mnara wa askari na wapagazi uliopo Nairobi una maandishi juu ya wana kukumbuka majina ya baba zao, lakini hakuna jina hata moja la marehemu lililochongwa hapo. Basi kumbukumbu husahihishwa. Lakini husahihishwa pale wenye haki wanapodai wakiwa na ushahidi mkononi.

Onyango mwenyewe hakudai. Aliporudi kutoka vitani aliacha kupikia Wazungu. Aliona ardhi ya Kendu imesongamana na kulishwa kupita kiasi, akahamia Alego kwenye nchi ya mababu zake, akapanda miti ya matunda na kulima kwa njia za kisasa. Hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa mkali hata kwa wake zake, na mmoja wao, Akumu, alimkimbia na kuwaacha watoto. Hilo nalo liandikwe, maana kusahihisha kumbukumbu si kuipaka chokaa. Kaburi lake lasema alifariki mwaka 1979.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori nina ombi mahususi. Katika masanduku ya nyumba nyingi bado mna vitabu vya malipo, vyeti vya kuachishwa jeshi, barua na picha zinazoliwa na mchwa. Yaandikeni majina yote ya mzee: la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la baba, na la utani alilopewa kambini. Andikeni nambari yoyote iliyopo, hata kama hamjui ni ya nini. Maneno ya wajane na watoto wao yanukuliwe kwa Kijaluo kama yalivyotamkwa, na tafsiri iwekwe kando. Andikeni pia jina la aliyesema, siku aliyosema, na kama aliona mwenyewe au aliambiwa. Nawahimiza mfanye hivyo hata pale ambapo hakutapatikana nishani yoyote, kwa kuwa nishani hutolewa na serikali kwa masharti yake, na jina ni mali ya familia na halina masharti.

Karani aliyemwandika Onyango alikuwa na meno sita yasiyokuwapo mbele ya macho yake, akakosa kuyasoma kwa sababu hakuijua lugha yake. Sisi tunaijua. Tukiyaacha masanduku hayo yaliwe na mchwa, tutakuwa tumeliandika upya neno lake, kwamba hapana alama yoyote, na safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.