Bwana Shamba Aliyemtoa Mreno Jasho

Mhariri amenipa kurasa hizi niandike maisha ya shujaa yeyote nimtakaye, mradi awe amefariki zamani. Wengi chamani walidhani nitamwandika Dedan Kimathi kwa sababu marehemu babu yangu aliwahi kuingia msituni. La, nitamwandika Amilcar Cabral wa Guinea-Bissau. Lakini babu ndiye aliyenifikisha kwake, ingawa yeye mwenyewe sidhani aliwahi kulisikia jina hilo.

Babu (kwetu tunamwita guka) alifariki nikiwa darasa la sita. Alikuwa na hadithi moja aliyoirudia jioni tukikama ng'ombe. Mwaka wa 1954 kikosi chao kilikuwa na bunduki za kujitengenezea, za mti, bomba la maji na komeo la mlango, na risasi walizihesabu kama vile sisi wa shule ya kutwa tunavyohesabu nauli. Kilichomuuma zaidi ya njaa na baridi ni kwamba walipotazama huku na huku hapakuwa na jirani wa kuwapa hata risasi moja. Uganda ilikuwa ya Mwingereza. Tanganyika ya Mwingereza. Uhabeshi ulikuwa huru, lakini kati yake na Nyandarua kuna jangwa zima. Siku moja nikamwuliza: je, mngesaidiwa mngeshinda? Hakunijibu. Akaniambia nimshike ndama vizuri.

Swali hilo limenikaa kooni mpaka leo. Mwaka huu tulipokuwa tukisoma vita vya Msumbiji katika somo la historia, mwalimu wetu alimtaja Cabral kwa sentensi moja tu, halafu kengele ikalia. Basi nikaenda maktaba, na nilichokikuta huko ndicho hiki.

Amilcar Cabral alizaliwa tarehe 12 Septemba 1924 katika mji wa Bafatá, Guinea ya Wareno. Wazazi wake walikuwa wenyeji wa visiwa vya Cape Verde, vilivyoko baharini magharibi ya Senegal, navyo pia vilikuwa chini ya Mreno. Baba yake, Juvenal, alikuwa mwalimu. Kijana alirudishwa visiwani, akasoma shule ya sekondari mjini Mindelo. Katika miaka ya 1940 mvua iligoma huko Cape Verde na makumi ya maelfu ya watu wakafa kwa njaa, serikali ya Ureno ikitazama tu. Mwaka wa 1945 Cabral alipata nafasi ya kwenda Lisbon. Mtu angedhani atasomea uanasheria, avae suti, arudi akiwa mkubwa. Yeye alichagua kilimo! Alihitimu mwaka wa 1950, na mwaka wa 1952 akarudi Guinea kama mtumishi wa serikali ile ile ya kikoloni. Kwa lugha ya kwetu tungesema alikuwa bwana shamba.

Hapa naomba msomaji asinikimbie, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia. Mwaka wa 1953 serikali ilimpa kazi ya kufanya sensa ya kilimo ya nchi nzima. Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita mraba 36,000 hivi. Kenya ingeweza kuimeza mara kumi na sita. Cabral akatembea kijiji baada ya kijiji, akihesabu mashamba ya mpunga na ya njugu, akiuliza nani analima nini, nani anamlipa nani kodi, nani anamwogopa nani. Aliona kwamba Wabalanta, wakulima wa mpunga wasiokuwa na machifu wakubwa, walimchukia Mreno waziwazi, ilhali machifu wa Wafula walikuwa wamefungamana naye. Aliona mito inavyojaa na kupwa na mikoko ilivyo minene. Kumbe Mreno alikuwa akimlipa mshahara adui yake ajifunze uwanja wa vita! Ama kweli, mfuga nyoka humuuma mwenyewe.

Mwaka wa 1956 Cabral na wenzake wachache walianzisha kisirisiri chama cha PAIGC, cha kudai uhuru wa Guinea na Cape Verde kwa pamoja. Mwanzoni walidhani migomo ya mjini itatosha. Tarehe 3 Agosti 1959 makuli wa bandari ya Pijiguiti mjini Bissau waligoma kudai nyongeza ya mishahara. Polisi wakafyatua risasi, watu wapatao 50 wakafa. Chama kikaona wazi kwamba mjini ni kwa mwenye bunduki, kikageukia mashambani.

Sasa ile habari ya jirani ambayo babu aliililia. Guinea ya Sékou Touré, iliyotawaliwa na Ufaransa, ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1958, na Senegal ikafuata mwaka wa 1960. Kwa hivyo Guinea-Bissau ilizungukwa na nchi huru pande zote isipokuwa baharini. Cabral alihamia Conakry mwaka wa 1960, akafungua ofisi na shule ya kuwafunza vijana wa chama. Vijana hao walirudi vijijini kuongea na wazee usiku, na wengine wakapelekwa Uchina kujifunza vita. Kwa miaka kama miwili hakuna jeshi la chama lililotokea popote. Ni kuongea tu. Mimi ningekata tamaa, nasema kweli.

Vita vilianza Januari 1963 kwa kushambulia kambi ya Tite. Tazameni ramani: Tite iko ndani ya nchi, ng'ambo tu ya mto kutoka mji mkuu wa Bissau. Mreno alitazamia kupigwa mpakani, akapigwa tumboni. Huo ndio uliokuwa mpango wa Cabral, kuanzia katikati ambako watu wameshakubali, kisha kusambaa kuelekea mipakani. Kule hakuna Nyandarua wala Kirinyaga ya kujificha, kwa hivyo wapiganaji walifichwa na wanakijiji, wakalishwa na wanakijiji. Mreno alibaki katika kambi zenye ngome, akiletewa chakula kwa mashua na ndege.

Mapema mwaka wa 1964 Wareno walipeleka jeshi, manowari na ndege kukikomboa kisiwa cha Como. Walipigana siku kama 70, mwishowe wakaondoka bila kulimaliza jeshi la chama. Mwezi wa Februari, vita hivyo vikiendelea, Cabral aliitisha mkutano mahali paitwapo Cassacá. Baadhi ya makamanda wake walikuwa wamegeuka miungu watu. Walikuwa wakiwanyanyasa wanakijiji, kuwachukulia mabinti na kuwaua watu kwa tuhuma za uchawi. Walishtakiwa mbele ya wenzao, na wengine wakahukumiwa kifo. Nilisita kuliandika hili kwa sababu shujaa tunapenda awe mweupe kama pamba, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo jeshi likapangwa upya likawa chini ya chama.

Haya, tuje kwenye msaada. Ureno ilikuwa nchi maskini ya Ulaya, lakini ilikuwa mwanachama wa NATO tangu 1949. Ndege zake aina ya Fiat G.91 zilitoka Ujerumani Magharibi, na zilimwaga mabomu ya napalm yanayochoma hata mpunga shambani. Katika miaka ya mwisho ilikuwa na wanajeshi zaidi ya 30,000 katika kinchi kile. Kwa hivyo anayesema eti Cabral alipendelewa na wageni akumbuke kwamba hata mwenzake hakuwa yatima.

Cabral alibisha kila mlango. Urusi, iliyoitwa Muungano wa Kisovieti wakati ule, ilitoa bunduki, mizinga na mafunzo. Zana zilishushwa Conakry, zikabebwa na malori hadi mpakani, halafu zikabebwa kichwani usiku. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na ni katika mji huo huo ambapo Oktoba 1965 Cabral alikutana na wenzake wa makoloni mengine ya Ureno. Uchina na Urusi zilikuwa zimekosana vibaya na kila mmoja alitaka marafiki wa kwake peke yake. Cabral alikataa kuingizwa katika ugomvi huo. Mwaka wa 1969 ikaja Uswidi, ambayo haikutoa hata risasi moja. Ilitoa nguo, chakula, dawa na malori. Vitabu vya shule za chama vilichapishwa Uppsala, huko huko Uswidi. Bidhaa ziliwekwa katika maduka ya wananchi, mkulima akileta mpunga anapewa kitambaa. Mimi naliona jambo hili kuwa sawa na mzinga, kwa maana lilimfanya mama wa kijijini asiwe na haja ya kwenda kununua chumvi kwa Mreno.

Lakini kuna mahali alipochora mstari. Januari 1966 alikwenda Havana, akaongea na Fidel Castro, na Kuba ikakubali kusaidia. Angeweza kuomba maelfu ya askari. Akaomba madaktari na wakufunzi wa mizinga, na kwa muda wote idadi yao ilibaki makumi, haikufika maelfu. Hakutaka mgeni apigane badala ya mwenyeji. Hofu yake naielewa hivi: mgeni akikupigania, siku ya ushindi atakaa mezani pamoja nawe, na huenda akakaa kichwani pa meza. Wapo waliosema kwamba alichelewesha ushindi kwa msimamo huo. Huenda. Vita vilichukua miaka kumi na moja, na kila mwaka ulikuwa na maiti zake. Mimi mwenyewe nimebadilisha mawazo mara mbili nikiandika aya hii.

Aidha, alipigana kwa kalamu. Mwezi wa Julai 1970 Papa Paulo wa Sita alimpokea yeye na viongozi wenzake wa Angola na Msumbiji, na Ureno, nchi ya Kikatoliki, ikakasirika mno. Aprili 1972 wajumbe wa Umoja wa Mataifa kutoka Ecuador, Uswidi na Tunisia walivuka mpaka kwa miguu, wakajionea shule na zahanati ndani ya sehemu zilizokombolewa.

Mreno naye hakulala. Jenerali Spínola, aliyekuja kama gavana mwaka wa 1968, alijenga shule na barabara ili awavute watu. Tarehe 22 Novemba 1970 askari wake walitua Conakry usiku kwa mashua, wakamkosa Cabral, ambaye alikuwa safarini. Ikabaki silaha moja, nayo ni fitina. Viongozi wengi wa chama walikuwa wenye asili ya Cape Verde, ilhali wengi wa waliokufa vitani walikuwa wa bara. Wareno wakauchochea mwanya huo. Usiku wa tarehe 20 Januari 1973 Cabral alikuwa akirudi nyumbani na mkewe, Ana Maria, kutoka karamu ya ubalozi wa Poland. Wanachama wake mwenyewe, wakiongozwa na Inocêncio Kani wa kikosi cha majini, wakamsimamisha. Walitaka kumfunga kamba. Alikataa kufungwa, wakampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Kinachoniuma ni kwamba miezi miwili tu baadaye, Machi 1973, makombora ya Kirusi ya kubebwa begani yaitwayo Strela yakaanza kuangusha ndege za Mreno. Hayo ndiyo wapiganaji walikuwa wakiyangoja. Mwezi wa Mei Wareno waliikimbia ngome yao ya Guileje. Tarehe 24 Septemba 1973 uhuru ukatangazwa porini katika eneo la Boé, na Novemba nchi 93 zikaunga mkono tangazo hilo katika Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, wengi wao wakiwa wamechoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali yao Lisbon. Ajabu ni kwamba aliyewekwa kuwa rais ni Spínola yule yule! Septemba 1974 Ureno ikaitambua Guinea-Bissau, na Cape Verde ikawa huru tarehe 5 Julai 1975.

Nchi hizo mbili zilikusudiwa kuwa moja. Mwaka wa 1980 kamanda mmoja wa vita vile, Nino Vieira, alimpindua Rais Luís Cabral, nduguye Amilcar kwa baba, na mpango huo ukafa. Ule mwanya wa visiwani na bara wageni hawakuuziba kwa msaada wao, wala sidhani wangeweza.

Babu angekuwa hai ningemletea habari hizi jioni, ng'ombe akikamwa, nimweleze kwamba Cabral alikuwa na mpaka wa kuvukia na yeye hakuwa nao. Nadhani angeuliza kwanza ni nani aliyekuwa akizibeba hizo risasi kichwani. Ramani ya mipaka yote miwili, ya kwao mwaka wa 1963 na ya kwetu mwaka wa 1954, nimeichora kwa wino wa rangi. Imebandikwa kwenye ubao wa chama karibu na mlango, na anayetaka kuniona kuhusu makosa yake aje Alhamisi baada ya masomo, kabla sijaenda kukama.