Imamu Ghazali na Milango ya Vitabu Vyake

Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tus katika nchi ya Khurasani mwaka 450 wa Hijra (1058). Alisoma Nishapur kwa Imamu Al-Juwayni, na mwaka 484 (1091) akawekwa mwalimu wa Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Waliohudhuria darasa lake walikuwa kiasi cha wanafunzi 300.

Huko aliidurusu falsafa peke yake, akaieleza katika Maqasid, kisha akawarudi wanafalsafa katika Tahafut kwa masuala 20. Vitabu hivi ni vizito. Anayeanza navyo hushika hoja kabla ya kufahamu jawabu lake, akatoka na shaka au kiburi. Avukaye Mto Mbwemkuru wakati wa masika huuliza kwanza kivuko kilipo. Na msomaji wa Ghazali ni vivyo hivyo.

Mwenyewe aliionja khatari hiyo. Mwaka 488 (1095) nafsi ilimsuta kwamba anafundisha kwa kutaka jaha. Ulimi ukafungika, na chakula hakikupita kooni. Akaacha kiti chake, akagawa mali, akaenda Sham, kisha akahiji Makka. Katika miaka iliyofuata akatunga Ihya, na wale waanzao hakuwaacha bila mlango.

Mlango wa kwanza ni Ayyuha'l-Walad, risala fupi aliyomwandikia mwanafunzi aliyesoma ilimu nyingi asijue ipi itamfaa Akhera. Wa pili ni Bidayat al-Hidaya, kinachomshika mtu mkono tangu kuamka hata kulala. Wa tatu ni Al-Munqidh, alimosimulia shaka yake na namna alivyotoka humo. Aliyevipita hivyo na aingie katika Ihya, yenye robo 4 na vitabu 40, aanze na Kitabu cha Ilimu. Maqasid na Tahafut zije mwisho, mbele ya mwalimu.

Na kwa watu wa kwao wasiojua Kiarabu alitunga Kimiya kwa Kiajemi, wala hakuona aibu kuifikisha ilimu kwa lugha ya wenyeji. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Basi Mashafii wa pwani, walio katika madhehebu yake, wasilikimbie jina lake kwa ukubwa wake. Ukurasa mmoja wa Bidaya uliosomwa na kutendwa una kheri kuliko Tahafut nzima iliyobebwa kwa kujionyesha.