Aliyekosa Mama Akawajengea Watoto Bustani

Mtoto apelekwe chekechea akiwa na umri gani? Swali hili huulizwa Lamu na Mombasa, lakini huko Kisii na Nyamira lina uzito wa namna yake. Serikali ya Kenya imeuweka mwaka wa kwanza wa chekechea, uitwao PP1, kuwa wa mtoto wa miaka minne, na Gredi ya Kwanza kuwa ya mtoto wa miaka sita. Hata hivyo wako wazazi wanaompeleka mtoto akiwa na mitatu, au hata hajaitimiza, na wako majirani wanaowasema kwa hilo.

Tusifanye haraka kuwalaumu. Zamani Mkisii hakuihitaji chekechea. Mama alipokwenda kulima, mtoto mchanga aliachiwa omoreri, yaani mlezi mdogo, mara nyingi dada yake mwenyewe, aliyembeba mgongoni, akamlisha na kumbembeleza. Wataalamu Robert na Barbara LeVine, waliokaa na Wakisii kati ya 1955 na 1957, waliuandika utaratibu huo. Kisha karo ikaondolewa katika madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, na katika shule nzima ya msingi mwaka 2003. Omoreri naye akaenda kusoma. Hiyo ni kheri kubwa, lakini mgongo uliombeba mdogo wake ukaondoka nyumbani. Mama anayechuma chai Nyamira, au anayeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, amwachie nani mtoto?

Kabla ya kumjibu mama huyo, na tumtazame mwenye jambo lake, yaani mtu aliyeianzisha chekechea na kuipa jina. Huyo ni Friedrich Froebel, Mjerumani, na maisha yake yana mengi ya kutuonya.

MTOTO ASIYE NA MAMA

Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, katika milima ya Thuringia. Babake alikuwa kasisi mwenye waumini wengi na nafasi chache. Mtoto hajatimiza mwaka, mamake alifariki dunia. Kwa sheria yetu yatima ni aliyefiwa na baba, lakini nani atakataa kuwa mtoto huyu alikuwa mkiwa? Alilelewa na watumishi na ndugu zake wakubwa, kama vile mtoto wa Kisii alivyolelewa na omoreri. Baba alipooa tena, mama wa kambo alimpenda mpaka alipopata mwanawe mwenyewe. Tangu siku hiyo akamtenga. Bustani ya nyumbani ndiyo iliyokuwa rafiki yake. Huko alitazama maua na wadudu, akajifundisha peke yake.

Alipofika umri wa miaka kumi, mjomba wake alimchukua akakae naye Stadtilm. Hapo ndipo mtoto alipoonja mapenzi na uhuru wa kucheza na wenziwe. Hakuisahau tofauti ya nyumba zile mbili mpaka kufa kwake. Kila alichokuja kuwafundisha watu baadaye kina mzizi hapo.

KUTANGATANGA

Kazi yake hakuijua upesi. Akiwa na miaka kumi na mitano alipelekwa kujifunza kazi ya misitu. Mwaka 1799 aliingia chuo kikuu cha Jena, akashindwa na deni, akatiwa kifungoni majuma tisa. Ilikuwa mwaka 1805, mjini Frankfurt, alipopewa darasa la kusomesha, ndipo alipojiona kama samaki aliyerudishwa majini. Mwaka huo huo alikwenda Uswisi kumwona mwalimu mashuhuri Pestalozzi, kisha akarudi kukaa kwake tangu 1808 hadi 1810. Mwaka 1813 alijitolea vitani dhidi ya majeshi ya Napoleon, na baada ya vita akafanya kazi katika jumba la madini mjini Berlin, akiyasoma maumbo ya mawe.

Mwaka 1816 aliacha kazi hiyo, akafungua shule yake mwenyewe, iliyohamia kijiji cha Keilhau mwaka uliofuata. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa ndugu zake, mmoja wao akiwa ameshafariki. Miaka ikapita, na Froebel akazidi kuona kwamba wengi wanaofika kwa mwalimu huwa wameshaharibika au wameshatengenea. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee wetu. Naye akauliza: ni nani anayeushika udongo huo kabla ya shule?

BUSTANI, SI DARASA

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alihamia Blankenburg, akaanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya watoto wachanga na wadogo. Kwanza mipira sita laini ya rangi mbalimbali. Kisha mpira wa mti, mche wa duara na mchemraba. Kisha mchemraba uliokatwa vipande vinane, mtoto auvunje na kuujenga upya. Aliviita zawadi. Akaongeza nyimbo za mama na mtoto, michezo ya duara, na vishamba vidogo ambavyo kila mtoto alipanda na kumwagilia chake.

Mwaka 1840 mahali hapo palipata jina: bustani ya watoto. Shule hakuiita. Mtoto kwake alikuwa mche, na mwalimu ni mtunza bustani. Mtunza bustani hauvuti mche ili urefuke upesi. Huupa udongo, maji na kivuli, akausubiri. Kusoma na kuandika aliviachia shule, baada ya miaka sita. Na kazi ya kuwalea wadogo hao aliwafundishia wanawake, jambo lililochekwa na walimu wengi wa zama zile.

Mwenyewe hakujaaliwa mtoto wa kuzaa. Mkewe alifariki mwaka 1839, kabla ya kuliona jina hilo. Na mwisho wake ulikuwa mchungu: tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani zote, ikidai kuwa zinafundisha ukafiri na uasi. Inasemekana walimchanganya na mtoto wa nduguye, Karl Froebel, aliyeandika kijitabu cha siasa. Mzee alilalamika, asisikizwe. Alifariki tarehe 21 Juni 1852. Marufuku ikaondolewa 1860, miaka minane baadaye. Juu ya kaburi lake pamejengwa mchemraba, mche wa duara na mpira, vyote vya mawe.

MIZANI YA MZAZI

Basi mama wa Daraja Mbili tumwambieje? Maisha ya Froebel hayampi hesabu ya miezi. Yanampa mizani. Asiulize tu mtoto ana miaka mingapi. Aende mwenyewe akatazame huko anakompeleka. Akikuta mkeka, nyimbo, mipira, kishamba, mahali pa kulala na mwalimu mwenye mkono wa mama, basi hata mtoto wa mitatu hatapotea, kwa kuwa huyo mwalimu ameshika nafasi ya omoreri. Akikuta madawati yamepangwa, watoto wamekazwa kunakili herufi na mtihani unawangoja, na ajue kuwa hapo jina ni la bustani lakini kazi si ya bustani. Hapo na angoje ile miaka minne, na hata ikitimia aangalie kwingine kwanza.

Wala gharama isiwe kisingizio. Vipande vinane vya mti kila seremala anavyo, na wachongaji wa mawe laini wa Tabaka, huko Kisii, wangeweza kuyatoa maumbo yale matatu ya Froebel kwa siku moja. Sisi wa pwani tumeshaona mfano: tangu miaka ya 1980 mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa umewafundisha walimu kutengeneza vifaa kwa vitu vya mazingira yetu.

Wala maneno haya si mageni kwetu. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alishauri mtoto atokapo chuoni aachwe acheze, kwani kumnyima mchezo ni kuufisha moyo wake. Na umri uliotajwa wa kumwamrisha mtoto sala ni miaka saba. Kabla ya hapo ana haki yake nyingine, nayo ni kulelewa.