Robert Warington, mwanakemia aliyeshinda mwani bila kutia dawa

BUNIA – Kila anayefuga samaki ndani ya akwariumu anaijua shida hii. Wiki za kwanza maji yanang'aa na mimea inapendeza. Kisha kioo kinashika utelezi wa kijani, majani yanafunikwa na nyuzi, na maji yanaanza kunuka. Unasugua leo, kesho kutwa umerudi. Ni mwani. Wengine hukimbilia javeli, na mwishowe wanaokufa ni samaki.

Zaidi ya miaka 170 iliyopita, mwanakemia Mwingereza Robert Warington alipambana na mwani huo huo mjini London. Kutengeneza dawa ndiyo iliyokuwa kazi yake, lakini kwenye maji yale hakutia dawa yoyote. Njia aliyoipata ilimfanya ahesabiwe kati ya waanzilishi wa akwariumu duniani. Kwa wakaaji wa Ituri, maisha yake yana somo la kufuata, na pia jambo moja ambalo hatupaswi kuliiga.

Kutoka bandarini hadi maabara

Warington alizaliwa tarehe 7 Septemba 1807 huko Sheerness, mji wa bandari kusini-mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa akiuzia meli vyakula, na kwa sababu hiyo familia ilihama mara kwa mara. Mwaka 1818 kijana huyo aliingia shule ya Merchant Taylors' mjini London. Mwaka 1822, akiwa na miaka 15, alikabidhiwa kwa mwanakemia John Thomas Cooper ili ajifunze kazi kwa miaka 5.

Chuo kikuu kipya cha London kilipofungua milango mwaka 1828, Profesa Edward Turner alimchukua kuwa msaidizi wake. Miaka 3 baadaye aliajiriwa na kiwanda kikubwa cha bia cha Truman, Hanbury and Buxton, akabaki huko hadi 1839.

Hakuwa mtu wa kujifungia na chupa zake peke yake. Wakati ule wanakemia wa Uingereza hawakuwa na chama chao, naye ndiye aliyewaita wakutane. Mkutano wa Februari 1841 ulizaa Chama cha Kemia cha London, na Warington akawa katibu wake kwa miaka 10.

Mwaka 1842 alipata kazi iliyompa jina. Shirika la watengeneza dawa la London lilimweka asimamie maabara yake, mahali pa Henry Hennell, aliyekuwa ameuawa na mlipuko akiwa kazini. Warington alishika kazi hiyo hadi 1866. Akiwa hapo alichunguza pia chai iliyouzwa London, akagundua kwamba sehemu ya chai ya kijani ilikuwa imepakwa rangi ya buluu ya viwandani ili ivutie macho ya wanunuzi.

Bidoni tatu za maji

Kufikia mwisho wa miaka ya 1840, wanasayansi walijua kwamba mnyama anapopumua huchukua oksijeni na kutoa hewa ya kaboni, na kwamba mmea ukiwa kwenye mwanga hufanya kinyume chake. Warington alitaka kujua kama samaki na mmea wanaweza kutunzana ndani ya chombo kimoja, bila mtu kubadilisha maji kila siku.

Alichukua chombo cha kioo cha galoni 13, yaani karibu lita 60: bidoni zetu tatu za lita 20. Chini aliweka mchanga, matope na mawe ya kuwafichia samaki. Alitia samaki wawili wa rangi ya dhahabu, kisha akapanda Vallisneria, mmea wenye majani marefu kama utepe. Jamii ya mmea huo inaota pia katika maziwa yetu makubwa, likiwemo Tanganyika.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani ya zamani yakaanza kuoza. Maji yakachafuka, utelezi wa kijani ukafunika kioo na uso wa maji, na samaki wakawa hatarini.

Hapo ndipo mwanakemia huyo alipofikiri tofauti na wengi wetu. Alikumbuka kwamba katika bwawa la kawaida mimea huoza pia, lakini maji hayafi. Kuna kiumbe kinachokula uchafu ule. Basi akatia konokono watano ao sita wa bwawa. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi, maji yakarudi kuwa safi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 alieleza matokeo hayo katika jarida la Chama cha Kemia.

Alichogundua ni kwamba mwani hauji bila sababu. Unakuja pale ambapo kuna uchafu usioliwa na mwanga uliozidi. Ukiua mwani na kuacha sababu yake, utarudi.

Warington hakuishia hapo. Kuanzia 1852 alijaribu maji ya bahari. Aliona kwamba mwanga unaoingia kupitia pande za kioo unalisha mwani, wakati ziwani na baharini mwanga unatoka juu. Akabuni chombo chenye mgongo wa mteremko, kinachopokea mwanga kutoka juu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kilieneza akwariumu katika nyumba za Waingereza.

Mwaka 1864 Warington alipokelewa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza. Alifariki tarehe 17 Novemba 1867 huko Budleigh Salterton, akiwa na miaka 60. Mwanawe, aliyeitwa pia Robert Warington, alionyesha baadaye kwamba bakteria ndizo zinazogeuza amonia kuwa naitreti, kwa hatua mbili. Kazi hiyo hiyo inafanyika leo ndani ya mchanga na chujio la kila akwariumu yenye afya.

Somo na onyo kwa Ituri

Somo la Warington linafaa Bunia kama lilivyofaa London. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu ni la saa 12 mwaka mzima. Akwariumu iliyowekwa dirishani itakuwa kijani tu. Iondoe hapo. Toa majani yanayooza kabla hayajaharibu maji. Lisha samaki kile wanachomaliza kwa dakika chache, kwa sababu mabaki yanageuka mbolea ya mwani. Badilisha sehemu ya maji kila wiki, na panda mimea mingi inayokua haraka, ili ile mbolea ichukuliwe na mimea kabla ya mwani kuipata. Ukiwa na samaki wachache, kazi inapungua.

Lakini konokono wake tuwaache. Konokono wa kandokando ya Ziwa Albert na wa vijito vyetu wanaweza kubeba bilharzia, ugonjwa unaosumbua sana vijiji vya ufuo wa Ituri. Mayai ya mnyoo huingia majini pamoja na choo cha mtu mgonjwa, mabuu yanakua ndani ya konokono, kisha yanatoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya yeyote anayegusa maji. Ukileta konokono mmoja mgonjwa kutoka Kasenyi ao Tchomia na kumtia kwenye akwariumu, umeleta ziwa ndani ya nyumba, na mtoto anayechezea maji yale ndiye atakayelipa. Majani yaliyovunwa ziwani yanaweza kuficha konokono wadogo, kwa hiyo hayo pia tuyaache. Na aliyekwisha kugusa maji ya namna hiyo, kisha akaona damu kwenye choo ao tumbo kuuma kwa muda mrefu, aende kituo cha afya. Dawa ya bilharzia ipo, inaitwa prazikwanteli.

Warington mwenyewe alichukua wazo lake kutoka kwenye mabwawa ya nchi yake, ambako konokono wale hawakuwa na hatari hiyo. Sisi nasi tuangalie maji yetu. Kazi aliyoifanya konokono wa London, hapa Bunia itafanywa na mkono unaotoa jani bovu kila asubuhi.